Punda Amenyamaza: Dalili, Sababu na la Kufanya

Mwenye punda akija kuomba ushauri, maneno yake ya kwanza huwa haya: "Hana kitu, ila leo amepoa." Mimi nimejifunza kulishika hilo "amepoa" kwa mikono miwili. Punda aliyepoa ni punda mgonjwa hadi utakapothibitisha vingine, na mara nyingi huwa ni mgonjwa tangu juzi.

Farasi akiumwa tumbo hujitupa chini, akagaagaa, akatoka jasho, akageuza shingo kutazama ubavu wake. Punda mwenye maumivu yale yale husimama pembeni, kichwa chini, masikio yamelegea. Asili yake ni punda-mwitu wa Afrika, mnyama wa majangwa ya mawe ya Eritrea, Ethiopia na Somalia, ambaye porini sasa wamebaki wachache mno. Kule, anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2022 umeonyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wanatokana na ufugaji ulioanza mara moja, huku kwetu Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Miaka yote hiyo amebeba mizigo yetu, lakini ile siri ya kuficha maumivu hakuiacha.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye ukimya, ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote.

Kwanza mjue akiwa mzima

Huwezi kujua kilichobadilika kama hukujua kilivyokuwa. Chagua asubuhi moja kabla hujamtandika, umpime akiwa ametulia, kisha uandike. Joto la punda mzima mwenye afya ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.8 za Selsiasi. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta kidogo, simama ubavuni mwake wala si nyuma yake, inua mkia, kiingize njia ya haja kubwa na ukishikilie muda wote. Mapigo ya moyo ni 36 hadi 52 kwa dakika, utayapata kwa kugusa mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Pumzi ni 12 hadi 28 kwa dakika, zihesabu kwa kutazama ubavu. Mtoto wa punda huzidi hapo kwa kila kipimo, usiogope.

Halafu fizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Penye kidole patakuwa peupe, na wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, au fizi zikiwa za rangi ya zambarau au za matofali, hilo si jambo la kungoja kesho. Mwisho weka sikio kwenye ubavu wake, karibu na kiuno, pande zote mbili. Tumbo lenye afya lina kelele kama maji yanayopita kwenye bomba la zamani. Tumbo lililo kimya kabisa ni habari mbaya.

Amesimama, hali, hataki hata majani mabichi

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo punda wengi hufia.

Sababu ya kwanza ya kufikiria ni msokoto wa tumbo. Kwetu Lamu, punda wakishatuliwa mizigo huachwa wajitafutie, na wanachokipata vichochoroni ni maganda ya matunda, maboksi, na mifuko iliyonuka chakula. Nikiwa mdogo, mjomba wangu alikuwa na dume la kubebea mchanga na mawe ya kujengea. Likasimama ukutani siku mbili. Tukasema limechoka, tukalipumzisha, tukajiona tuna huruma. Siku ya tatu likafa. Lilipopasuliwa, tumboni mlitoka donge la nailoni na kamba lililoshikana kama ngumi tatu. Tangu Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa na njia zimekuwa safi kuliko zamani, lakini kamba, magunia na pakiti bado zimejaa jaani, na punda mwenye njaa hachagui.

Plastiki si peke yake. Punda anayelishwa chini penye mchanga humeza mchanga kidogo kidogo hadi utumbo unakuwa mzito. Kuupima ni rahisi: chukua mabonge machache ya kinyesi yasiyogusa ardhi, yavuruge ndani ya ndoo ya maji, uache yatulie. Ukiona tabaka la mchanga chini ya ndoo, umepata jibu, na dawa yake inaanza na hori au hata karai la kulishia. Maji machache nayo hukausha utumbo, hasa kwa punda wa kuchota maji anayebeba madumu siku nzima bila kupewa kikombe. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na linaniumiza kila mara.

Kuna sababu nyingine ambayo wafugaji wengi wa bara hawaijui. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, ile ya kuua kupe, haifai kwa punda wala farasi. Humlegeza na kusimamisha utumbo. Mtu anaona kupe masikioni mwa punda, anachovya kitambaa kwenye ndoo ya josho, anampaka mwili mzima, na baada ya siku mbili anashangaa mnyama kasimama hali. Vivyo hivyo chakula cha madukani cha ng'ombe au kuku kilichotiwa monensini: ng'ombe hunufaika nayo, punda na farasi huwaharibu moyo na kuwaua. Soma kibandiko cha mfuko. Kikikosekana, usimpe.

Sasa lile linalomtofautisha punda na jamaa zake wengi. Punda akiacha kula kwa sababu yoyote, awe na jino bovu, huzuni au homa, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu ili apate nguvu, na kwa punda hakuna breki. Mafuta hujaa kwenye damu, ini likalemewa, figo zikafuata. Daktari akivuta damu na kuiacha itulie kwenye kichupa, majimaji ya juu huwa na weupe wa maziwa. Walio hatarini zaidi ni punda wanene, majike wenye mimba au wanaonyonyesha, na wazee. Ndiyo maana siku ya pili bila kula si ya kungojea. Kilichoanza kama jino kinamaliza kama ini.

La kufanya ukingali peke yako: msikilize tumbo. Likiwa kimya, ondoa chakula chote, mwachie maji safi, mtembeze taratibu kivulini, na daktari wa mifugo aitwe saa hiyo hiyo. Likiwa linanguruma na fizi ni nzuri, mshawishi kwa majani mabichi mkononi, maganda ya ndizi, chochote anachokipenda, huku ukitafuta sababu. Usimnyweshe mafuta ya kupikia, soda wala maji ya sabuni kwa chupa. Jamii yote ya farasi haiwezi kutapika, na kinachomiminwa kwa nguvu mara nyingi huingia mapafuni. Utakuwa umeongeza homa ya mapafu juu ya tumbo.

Na jambo dogo linalosahaulika: muulize mwenzake yuko wapi. Punda hufungamana wawili wawili. Ukimuuza mmoja leo, aliyebaki anaweza kuacha kula kwa majonzi tu, na mafuta yakapanda kama nilivyoeleza. Hata mmoja akifa, mwache mwenzake akae karibu na mzoga saa moja hivi, aunuse, aelewe. Wanaofanya hivyo hawapati shida ya punda anayelia na kuzunguka wiki nzima.

Amegoma kwenda

Tunasema "mkaidi kama punda" na tunaamini. Methali nyingine inasema afe punda mzigo wa bwana ufike, nayo imeua wengi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa au akiumia husimama afikiri. Ukimchapa hapo unamfundisha kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli.

Anza na mzigo. Punda wetu wengi wana kilo 150 hivi, na wengine hawafiki. Theluthi ya uzito wake ndiyo kiasi cha kubeba mgongoni, yaani kama mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Anayewekewa miwili halafu akapandishwa kilima hajagoma, ameshindwa. Kwenye mkokoteni anaweza kuvuta zaidi, ila magurudumu yawe na upepo na mzigo usawazishwe ili nira au mikono ya mkokoteni isimnyonge shingo wala kumnyanyua kifua.

Kisha miguu. Mtembeze kwa kamba iliyolegea penye ardhi ngumu na umtazame kichwa. Mguu wa mbele ukiwa na maumivu, kichwa hupanda pale mguu huo unapogusa chini. Wa nyuma ukiuma, tazama kiuno, upande mbovu ndio unaopanda na kushuka zaidi. Ukishaujua mguu, inua kwato na usafishe kwa kijiti butu kutoka kisigino kwenda ncha. Jiwe lililobanwa, msumari, kipande cha chupa, hivyo vinaonekana. Jipu ndani ya kwato halionekani: jana alikuwa mzima, leo hakanyagi kabisa, kwato ina moto kuliko wenzake. Hilo hufunguliwa na mtu anayejua, usaha utoke, kisha mguu huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kufungwa ili uchafu usiingie.

Akiwa anachechemea miguu yote miwili ya mbele, ameegemea nyuma kana kwamba anataka kukaa, na hataki kugeuka, shida ni nyama laini zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato kuvimba. Mara nyingi chanzo ni chakula kizuri kupita kiasi: mahindi, pumba nyingi, makombo ya pilau baada ya harusi. Punda ameumbwa kwa nyasi ngumu na miti. Ukishika ukosi wake ukaukuta mgumu umelala upande mmoja kama mto, huyo amenenepa vibaya. Mwondolee nafaka, mlaze penye mchanga laini, asifanye kazi, na daktari amwone siku hiyo.

Kwato zenyewe za punda ni za nchi kavu. Hunyonya maji kuliko za farasi, hivyo anayelala kwenye tope na mikojo huoza wayo na kunuka. Anayetembea juu ya mawe hujisaga mwenyewe. Asiyetembea sana anahitaji kukatwa kila wiki sita hadi kumi. Kwato zikishajikunja mbele kama viatu vya kale, usijaribu kuzirudisha kwa siku moja, zitakatwa kidogo kidogo kwa miezi.

Kidonda hakiponi

Usikitazame kidonda, tazama kilipo, maana mahali hukwambia mkosaji. Juu ya mabega: shogi, yaani matandiko ya kubebea mizigo, limekaa mbele mno au halina pamba ya kutosha. Katikati ya uti wa mgongo: mzigo unalala juu ya mfupa, hakuna nafasi. Matandiko mazuri hukaa pande mbili za uti na kuacha mfereji katikati ambamo vidole viwili vinapita. Chini ya mkia: kamba ya nyuma imebana. Kwapani na tumboni: kamba ya nailoni. Ibadilishe kwa mshipi mpana wa pamba au turubai, au uivishe kitambaa. Pembe za mdomo: waya. Juu ya kwato, kama pete: kufungwa miguu kwa kamba nyembamba usiku kucha.

Kidonda cha shogi hakitapona punda akiendelea kubeba shogi. Hakuna dawa ya kushinda hilo. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kila siku, na ukifunike dhidi ya nzi. Oili chafu ya gari, maji ya betri, majivu ya moto: vyote nimeviona vikipakwa na vyote huunguza nyama iliyokuwa inajaribu kuota.

Kidonda chenye chembe ngumu za manjano ndani yake kama punje za mchele, hasa msimu wa nzi, pembeni mwa jicho au mguuni, kina mabuu ya minyoo walioletwa na nzi. Hicho kinataka dawa ya minyoo pamoja na ya kidonda. Na uvimbe mkavu unaokua kama kipele kikubwa na kurudi kila ukikatwa, usiukate nyumbani wala kuuchoma. Huenda ni aina ya uvimbe wa ngozi unaowapata sana punda, na ukichokozwa huenea kwa hasira.

Anakula lakini anakonda

Tazama anavyotafuna. Akiangusha mabunda ya majani yaliyotafunwa nusu, kama sigara zilizolowa, ni meno. Meno ya punda huendelea kuchomoza kadiri yanavyosagika, na kingo zake hugeuka visu vinavyokata shavu na ulimi. Pitisha kidole nje ya shavu, ukibonyeza taratibu. Akiruka, umefika. Usiingize mkono mdomoni bila vifaa.

Meno yakiwa sawa, fikiria minyoo, na tumbo lililotoka chini huku mbavu zinaonekana huunga mkono. Pima kinyesi kabla ya dawa ukiweza. Kumpa dawa ile ile kila mwezi kwa kukisia hukuza minyoo sugu.

Ukiwa umemvusha bara, Mokowe kuelekea Witu na misitu yake, ongeza mbung'o, nzi anayeeneza vimelea vya damu, kwenye orodha. Homa inayokuja na kuondoka, fizi nyeupe, uvimbe laini chini ya tumbo: damu yake ipimwe. Dawa ipo, lakini kipimo cha ng'ombe kisihamishiwe kwa punda kwa macho, kwani jamii ya farasi hudhurika nayo upesi.

Anakohoa

Kama ana makamasi mazito na uvimbe chini ya taya unaoelekea kupasuka, mtenge mara moja, na ndoo yake isinywewe na mwingine. Kama ni kikohozi cha zizini tu, mtoe kwenye vumbi na uloweshe majani makavu. Kwa wanaofuga farasi na punda pamoja: punda hubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa hata mara moja, kisha farasi wa jirani ndiye anayeugua.

Jambo linalofanana na hilo lipo kwa punda milia. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi, huishi ndani ya punda milia bila kumsumbua, kwa punda huwa mwepesi, na kwa farasi asiyechanjwa huua sehemu kubwa ya wanaoupata. Mwenye farasi karibu na mbuga achanje na awaingize zizini kabla ya magharibi. Ukikuta mzoga wa punda milia wenye damu puani isiyoganda, usiuguse, usiuchune, toa taarifa. Kimeta kiliwaua punda milia wa Grevy huko Wamba, Samburu, mwishoni mwa 2005 na mwanzo wa 2006, nao si wanyama wa kupoteza hata mmoja.

Amekakamaa

Lugha yetu imeuita pepopunda, na waliouita hivyo walikuwa wamemwona. Masikio yamesimama wima, mkia umenyooka, miguu imetanuka kama ya meza, taya limefunga, na ngozi nyeupe ya pembe ya jicho hupanda juu ya jicho ukipiga makofi. Tafuta jeraha la wiki zilizopita, mara nyingi msumari kwatoni. Mweke gizani, pasiwe na kelele, daktari aje. Wengi hawaponi, lakini chanjo ni ya bei ndogo na huzuia.

Akiwa mkali ghafla, anajing'ata, anatokwa mate, ameshindwa kumeza, usidhani amekwama kitu kooni. Kichaa cha mbwa huwapata punda, na watu wameambukizwa kwa kuingiza mkono mdomoni. Mfungie mbali. Aliyeguswa na mate yake kwenye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Jike amepitisha siku

Hapa watu huhangaika bure. Punda hubeba mimba mwaka mzima, na wengine hufika miezi 14. Akila na kutembea vizuri, mwache. Cha kuhesabu ni baada ya kuzaa: mtoto asimame na kunyonya ndani ya saa chache za mwanzo, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa tatu. Lisipotoka, usilivute.

Unapompigia daktari

Lamu kuna kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kuhudumia punda, tangu 1987. Kwingineko utampigia daktari wa mifugo wa kata au wa kaunti, naye huenda yuko mbali na ana ng'ombe kumi wa kuona. Usimwambie "punda amepoa." Mwambie joto ni ngapi, mapigo mangapi, fizi zina rangi gani, tumbo linasikika upande gani. Mwambie alikula mara ya mwisho lini, alinya lini na kinyesi kilikuwaje, amepakwa au kunyweshwa nini tangu jana, hata kama unaona haya kusema. Akiwa jike, mwambie kama ana mimba. Na kama mwenzake ameuzwa wiki hii, litaje hilo pia.